Remoroke zetu: bei inapanda, chuma kinapungua



Mwezi wa kwanza, wakati wa mavuno ya musimu A katika bonde la Ruzizi, tulifika ku koperative moja ya mupunga tukidhani tunaenda kuongea mambo ya mbegu. Hatukuongea mbegu. Tulikuta magunia saba ndani ya mufereji, mengine matatu kando ya njia, na remoroke ya motokilta imelala ubavu. Esie, kile chuma kirefu kinachobeba magurudumu mawili, ilikuwa imekatika karibu na gurudumu la kuume, fasi ileile ilipochomelewa. Rangi ya bluu ilikuwa bado inang'aa. Mama Kesiye wa koperative alikuwa amesimama kando, kikwembe chake kimelowana paka magoti. Alitusalimia vizuri, kisha akasema: "Agronome, hii kitu haijamaliza hata miaka mbili. Ile ya zamani, ile munaiita kizee, iko inabeba mupaka leo."

Tunaandika haya juu ya lile neno lake.

Wengine watasema remoroke ni jambo dogo. Tufanye hesabu. Tani moja ya mupunga ni magunia kumi ya kilo 100. Remoroke nzima inayabeba mara moja. Ikikosa, muzigo unarudi ku mugongo na ku kichwa, na sote tunajua ni mugongo wa nani. Mwanamuke akibeba kilo 40, tani moja inakuwa safari 25 za kwenda na 25 za kurudi. Na mupunga haungoji. Siku ya kuvuna uko na maji asilimia 20 mupaka 25. Ili ukae vizuri mu depo lazima yashuke paka 14. Ukiurundika na maji yake, rundo linaanza kupata moto ndani ya siku moja. Pale kwa Mama Kesiye, kabla watu hawajamaliza kubeba, mvua ilinyesha siku mbili. Sehemu ya mupunga iliota ndani ya magunia, sehemu ingine ikageuka manjano, na ku mashine ya kukoboa ukatoka muchele wa kuvunjika-vunjika. Bei waliyopewa hatuitaji hapa, ni haya. Koperative ilikuwa na mukopo wa kurudisha mwezi wa tatu.

Kesho yake tulifanya jambo ambalo tungepaswa kulifanya tangu zamani: tulipima kilo za remoroke zote mbili, mupya na kizee. Koperative iko na muzani wa magunia. Tuliweka gurudumu moja juu ya muzani, tukaweka vipande vya mbao vya kimo kilekile chini ya gurudumu lingine na chini ya mukono wa kuvutia ili remoroke isiiname, tukasoma. Kisha tukahamisha muzani ku gurudumu la pili, kisha ku mukono. Kilo za fasi tatu ukizijumlisha unapata uzito wa remoroke nzima. Kazi ya nusu saa na vijana wane. Ile kizee, ya mwaka 2018, ilitoa kilo 268. Ile mupya, ya mwaka 2023, kilo 191. Sanduku zao ni sawasawa: urefu metre 2, upana metre 1,20, kimo santimetre 40. Kwa macho ni mapacha.

Fakture zote mbili ziko ndani ya kartable ya Mama Kesiye, maana yeye hatupi karatasi. Ya kwanza inasema dola 720. Ya pili inasema dola 1.150. Sasa mugawanye bei kwa kilo. Kizee kilinunuliwa karibu dola 2,70 kwa kilo moja. Mupya, dola 6 kwa kilo moja. Watu wako wanasema bei ya remoroke imepanda zaidi ya nusu. Ukweli ni kwamba kila kilo ya remoroke imepanda zaidi ya mara mbili, na juu yake tumepunguziwa kilo 77 bila mutu kutuambia.

Juu ya nini bei inapanda, hiyo wengi munaijua kuliko sisi. Mwaka 2021, nyuma ya Covid, bei ya chuma na bei ya kusafirisha kontena ku bahari zilipanda dunia nzima. Franka yetu nayo ilianguka: mwaka 2021 dola moja ilikuwa karibu franka 2.000, katikati ya mwaka 2024 ilikuwa imepita 2.800. Mukulima anauzisha muchele kwa franka, remoroke inahesabiwa kwa dola. Tole na tube zinatoka mbali, zinashuka Dar es Salaam, zinakuja kwa njia ya Burundi ao zinavuka ziwa toka Kigoma. Kila hatua iko na mazuti yake, TVA ya 16% na barriere zake. Sudere wa Uvira ao wa Sange hawezi kubadilisha hayo. Sisi pia hatuwezi.

Lakini kilo 77 hazikupotea ku bahari. Zilitolewa moja moja, na mukono wa mutu, fasi ambazo jicho halifiki.

Tuanze na sakafu. Ya kizee ni tole ya milimetre 3, ya mupya ni milimetre 2. Mutu atasema ni theluthi moja tu imepungua. Kwa uzito ni kweli. Kwa nguvu si kweli. Tole inapopindwa na muzigo, nguvu yake inafuata unene uzidishwe kwa wenyewe. Tatu mara tatu ni tisa, mbili mara mbili ni ine. Kwa hiyo sakafu ya milimetre 2 haina hata nusu ya nguvu ya ile ya 3. Njo maana ile mupya ilikuwa tayari imefanya tumbo katikati, na maji ya mvua yalikuwa yanatulia pale na kula chuma polepole. Jambo hilihili la unene linawapata pia mukinunua toroli na majembe. Muuzaji anajua kwamba mutu akishika tole kwa vidole hasikii tofauti ya milimetre moja. Muzani unaisikia. Tole nzima ya metre 2 kwa metre 1 iko na kilo 47 ikiwa ni milimetre 3, kilo 31 ikiwa ni 2. Muandike hizo namba mbili fasi, zitawasaidia hata siku ya kununua mulango wa depo.

Kisha chassis. Kizee kilijengwa juu ya chuma cha kamyo ya zamani, chuma kizito cha umbo la U. Mupya imejengwa na tube ya duka, tundu ndani, ukuta mwembamba. Tube si mubaya kama iko nene na imefungwa vizuri. Lakini hii ilikatwa, ikaunganishwa, na pale inapoungana waliweka doa za kuchomelea, moja hapa, moja pale, kisha mastiki, kisha rangi. Tulikwangua rangi kwa kisu. Kati ya doa na doa mulikuwa nafasi ya kupitisha ukucha.

Na esie njo kiini cha mambo. Ya kizee ni chuma kimoja kizima cha pembe ine, milimetre 50 kwa 50, hakina tundu. Ya mupya ni bomba, na ku kila mwisho wamechomelea kipande kifupi cha kushikia gurudumu. Muzigo wote wa remoroke unakuja kusimama juu ya ile pete ndogo ya kuchomelea. Na remoroke zetu nyingi hazina risoro. Gurudumu likianguka mu shimo, kishindo chote kinaenda moja kwa moja ku esie. Siku ya kwanza inavumilia. Inafanya ufa mudogo kama unywele, rangi inaufunika. Kila safari unarefuka. Siku ya mavuno, ikiwa imejaa, inakatika. Haitakatika siku ya kupumzika, juu ya siku hiyo haibebi kitu.

Juu ya rulema na pine tutasema kifupi. Rulema za mupya zilikuwa hazina kifuniko cha kuzuia matope. Maji ya mufereji yaliingia, grisi ikatoka. Pine zilikuwa za trisikle, 5.00-12, zilizotumika mbele ya kuja kwetu.

Tulienda kumuona sudere aliyeifanya. Hatutaji jina lake wala muji wake, na hatumuiti mwizi, maana si mwizi. Alitukaribisha, akatuma mutoto alete viti, akatueleza bila kujificha. "Agronome, ile ya 2018 niliijenga na chuma cha kamyo kizee. Leo chuma hicho watu wa feraye wanakinunua kwa kilo, wanakipeleka mbali. Miye ninabaki na tube ya duka. Ku duka wanakuambia ni milimetre mbili, ukipima unakuta moja na nusu." Tukamuuliza: na esie? Akaingia ndani, akatoka na karatasi yetu wenyewe. "Muliandika hapa: remoroke ya tani moja, mupya, rangi ya bluu, na alama ya muradi ku ubavu. Esie hamukuiandika. Rangi muliiandika."

Hatukuwa na jibu.

Tukirudi, mumoja wetu alikumbusha habari ambayo tulikuwa tumesoma juu ya remoroke za Marekani. Si za mupunga. Kule kuna nyumba ndogo ya magurudumu, iko na kitanda, jiko na choo, familia inaivuta nyuma ya gari kwenda kupumzika porini ao ku ziwa. Nyingi zinatengenezwa katika jimbo la Indiana, pembeni ya muji wa Elkhart. Wakati wa Covid watu waliogopa ndege na hoteli, kila mutu akataka ya kwake. Mwaka 2021 viwanda vilitoa zaidi ya 600.000, tukihesabu pamoja na zile zenye moteri yake, na hiyo ilikuwa rekodi yao. Bei ikapanda. Na wanunuzi wakaanza kulia: dari inavuja, mbao za ukuta zinaoza kwa ndani, milango haifungi, visi hazikukazwa. Kule, mu viwanda vingi kazi inalipwa kwa kipande. Timu ikimaliza hesabu ya siku inarudi nyumbani. Kwa hiyo anayekimbia njo anayepata, na anayesimama kukaza visi anachelewesha wenzake. Mwaka 2023 viwanda vilitoa karibu 313.000 tu.

Hatuleti mufano huu ili tucheke watu wa mbali. Tunauleta juu unaonyesha kwamba jambo hili halitoki ku umasikini wetu wala ku uvivu wa masudere wetu. Wale wako na viwanda vikubwa, umeme wa siku nzima, na sheria. Lakini munuzi akiwa na haraka, na akiwa anaangalia rangi na mapazia tu, mutengenezaji anajifunza kutengeneza rangi na mapazia. Tofauti ni kwamba kwa ile familia, likizo njo imeharibika. Kwetu ni mukopo wa koperative.

Sasa tuseme lile ambalo jarida kama hili halipendi kulisema. Munuzi mwenye haraka, hapa kwetu, ni sisi. Sisi wa miradi. Remoroke ile ilinunuliwa miezi miwili kabla muradi haujafunga. Makuta yalikuwa lazima yatoke kabla ya mwisho, la sivyo yanarudi. Tuliomba proforma tatu kama kanuni inavyotaka, tukachagua ya bei ya chini kama kanuni inavyotaka. Hakuna proforma hata moja iliyotaja kilo, unene wa tole ao aina ya esie, maana hatukuuliza. Remoroke zilifika asubuhi ya siku ya sherehe, zikiwa zimekwisha kupigwa rangi. Wakubwa walikuwa wamekaa chini ya shitingi wanangoja. Nani angekwangua rangi mbele yao? PV ya kupokea ilisainiwa palepale, picha zikapigwa. Kati ya zile sahihi, moja ni ya kwetu.

Na matokeo yake hayaishii ku koperative moja. Sudere muzuri, yule anayeweka milimetre 3 na esie nzima, alileta proforma yake, akashindwa juu ya bei. Mwaka unaofuata hakuleta tena, ao alileta ya milimetre 2. Miradi ikinunua kwa wingi namna hii miaka kadhaa, inafundisha muji muzima kufanya remoroke mbaya. Kisha koperative inayotaka kununua kwa makuta yake yenyewe, haikuti tena ile nzuri ku ateliye. Tumeuharibu ule usoko, tena kwa makuta ya musaada.

Memba nao wasijifiche nyuma yetu. Siku ya ajali mulikuwa magunia kumi, sawa na kipimo. Lakini Mama Kesiye alikubali mwenyewe kwamba siku zingine waliweka 14, na vijana wawili kukaa juu. Remoroke ilikodishwa kubeba mchanga na matofali, na mchanga ni muzito kuliko unavyoonekana: sanduku lile likijaa mupaka juu na mchanga linapita tani moja na nusu. Grisi iliwekwa mara moja tu, siku ya sherehe. Remoroke nzuri ingevumilia dhambi hizi mwaka ao miwili zaidi. Lakini ingekufa pia.

Kuna rafiki yetu wa Goma ambaye kila tukiongea mambo haya anacheka na kusema: angalieni chukudu. Iko na haki kidogo. Chukudu ni mbao, magurudumu yake ni mbao yamevikwa kipande cha pine kizee, na inabeba muzigo wa mamia ya kilo kushuka toka milima mupaka ku soko. Haina dhamana ya karatasi. Lakini anayeisukuma anajua jina la seremala, anajua ni muti gani, na ikivunjika anairudisha kwake siku ileile na kelele. Seremala hawezi kumudanganya juu ya mbao kwa sababu mbao haina rangi juu yake, inaonekana. Hatusemi turudi ku mbao. Tunasema ile hali ya kuonekana, tuirudishe ku chuma.

Kwa hiyo maombi yetu ya kwanza, na kama mutakumbuka moja tu mukumbuke hili: muone remoroke kabla ya rangi. Iandikwe ku mukataba kwamba sudere ataita komite chuma kikiwa kitupu. Muende watu watatu, na mumoja wao awe kijana anayejua kushika pied à coulisse. Kile chombo hakina bei kubwa, koperative tano zinaweza kununua kimoja pamoja. Mupime tole. Mupime ukuta wa tube ku mwisho wake kabla haujazibwa. Muangalie kama kuchomelea ni mustari mumoja unaotoka mwanzo mupaka mwisho, ku pande zote, bila matundu, ao kama ni doa-doa. Sudere apige kila muungano na nyundo ndogo mbele yenu ili ganda jeusi litoke, maana chini ya ganda njo tundu zinajificha. Akikataa kuwaita kabla ya rangi, mumushukuru na mutafute mwingine.

La pili ni kilo. Kila proforma iandike uzito wa remoroke ikiwa tupu, na siku ya kupokea ipimwe ku muzani wa magunia namna tulivyoeleza. Proforma mbili hazilinganishwi kwa bei peke yake tena, zinalinganishwa kwa bei ya kilo moja. Tunajua uzito si kila kitu. Mutu anaweza kuongeza chuma fasi isiyo na kazi ili apate kilo. Lakini tangu tuanze kuongea jambo hili, hatujaona sudere anayefanya ujanja wa kuongeza chuma.

Ku esie tusikubali mazungumzo: chuma kizima, ao esie ya pikapu kizee iliyo nzima bado. Na iko njia rahisi ya kuijaribu. Remoroke ikiwa tupu, mupime kwa kamba umbali kati ya pine mbili ku sehemu ya juu. Mupakie magunia kumi, muende nayo ku njia mbaya kilometre moja, mupakue, mupime tena. Kama juu pamekaribiana kuliko mwanzo, esie imejipinda na haikurudi. Hiyo haitaona musimu wa tatu. Mutaijua pia baadaye kwa pine inayolika upande wa ndani.

Rulema muulize namba. Imeandikwa ku chuma chake. Ikiwa 6204, tundu lake ni milimetre 20. Ikiwa 6205, ni 25. Tarakimu mbili za mwisho uzidishe kwa tano. Mukijua namba, mutu yeyote anayeenda Bujumbura ao Bukavu anaweza kuwaletea, na hamungoji fundi aje kuangalia kwa macho wakati mupunga uko shambani.

Jambo la makuta ni gumu zaidi, na hapa hatuko sote na wazo moja hata ndani ya timu yetu. Sisi tunaona koperative ibakize asilimia kumi ya bei, isiilipe mupaka mavuno moja yapite. Masudere wanasema: mulitukalisha na deni ya tole, sasa munataka tungoje tena miezi sita? Wako na haki. Sudere mudogo hana makuta ya kukaa. Basi upande wa pili tumupe malipo ya kwanza yanayotosha kununua chuma, na tuende naye ku duka kukichagua. Koperative tatu ao ine zikiagiza pamoja, ananunua tole nzima, vipande havipotei bure, na anapata bei nzuri. Anayetaka dhamana lazima naye alipe kama mutu anayetaka dhamana.

Na tuseme wazi: remoroke ya namna hii itakuwa ghali kuliko ile ya bluu. Kilo 77 za chuma si bure, na kazi ya kuchomelea mustari muzima inakula umeme na siku. Koperative ambayo haiwezi, afazali igawane moja na jirani, kwa kalendari ya mavuno iliyoandikwa, kuliko kila moja kuwa na yake inayolala ku mufereji. Tumeona koperative mbili zikigawana motokilta misimu mitatu bila kugombana sana. Waligombana kidogo, juu ya mazuti.

Kwa upande wetu, tumepeleka barua ku watu wetu wa manunuzi kuomba mambo mawili: uzito na unene viingie mu karatasi ya maombi ya bei, na hakuna remoroke itakayonunuliwa tena katika miezi mitatu ya mwisho ya muradi. Jibu la kwanza lilikuwa kwamba kanuni ya bei ya chini haitoki kwao, inatoka kwa wafazili. Tumeandika tena. Bei ya chini kwa kilo ya chuma bado ni bei ya chini. Hakuna kanuni inayovunjika. Tutawaambia hapa watakavyojibu, hata wakikataa.

Ile remoroke ya bluu imepona nusu. Koperative ililipa yenyewe esie ya pikapu, na sakafu imewekewa tube tatu chini yake. Sasa inabeba magunia nane, si kumi, na Mama Kesiye ameandika namba hiyo ku ubavu na rangi nyeupe, juu ya alama ya muradi. Ile kizee bado inabeba kumi.

Koperative zenye remoroke, muzipime mbele ya mavuno ya musimu B. Muandike kilo, mwaka wa kununua, bei, na kama esie ni nzima ao ni bomba, mumupe agronome wa kwenu ile karatasi. Tutaziweka zote katika namba inayokuja, bila majina ya masudere, ili kila komite ijue kilo moja ya remoroke iko bei gani fasi gani. Ambao hawana muzani waazime ku koperative jirani. Wauchukue na vile vipande vya mbao.